Kiraka cha Enos

Nitawaeleza habari za mume wangu Enos, na nitazieleza kwa hasira, maana mimi bila hasira siwezi kumweleza.

Enos ni mkulima wa mpunga na ndizi hapa Wema, sauti nzito ya kwaya, mtu aliyekuwa mpole. Miaka minne iliyopita alikwenda mazishini Kipini, akarudi na mashua ya tanga. Kuukuu! Wenyewe wa baharini walikuwa wamekwisha kuichoka. Sisi watu wa mto tuna mitumbwi. Mtumbwi ni gogo moja, hauna msumari wala kiungo. Lakini Enos aliapa kwamba binti yetu Josephine hatavuka kwenda shule kwa mtumbwi mto ukifura, kwa sababu mtumbwi hupinduka. Siku nyingine avushwe na jirani yetu Levi, sawa, lakini mafuriko yakija atapanda mashua ya baba yake. Neno jema. Laiti lingebaki neno.

Mwaka wa kwanza misumari ililika na kutu yote. Aliyemletea mingine kutoka Garsen alikuwa fundi wa vitanda, na alipigilia kama anayetengeneza kitanda. Panya wakala tanga. Enos akatafuta mashine, nayo mashine ikawa na maradhi yake: kifaa kinaagizwa Malindi, tunangoja wiki tatu, kikifika ni cha mashine ya aina nyingine. Akiziba mbele, maji yanaingia nyuma. Katika miaka hiyo minne, siku ambazo mashua ile imetembea hazifiki hata mwezi mmoja. Shamba likaota magugu nikilipalilia peke yangu, na mwanamume yuko chini ya mashua, miguu tu ndiyo inaonekana.

Na kila siku kelele ni ile ile: "Mtu asiguse!" Asiguse kamba, asiguse kopo la rangi, asiguse hata kijiko alichokorogea gundi, kijiko changu mwenyewe. Siku moja nilimuuliza kwa nini kalafati, ile pamba ya kuzibia, inatoka kwenye viungo. Akajibu bila kunitazama, "Mama Josephine, nenda kapike." Mimi, binti wa mchonga mitumbwi! Nikaapa kwamba sitamuuliza tena jambo lolote la mashua hiyo.

Novemba mvua zikaja, mto ukavimba ukawa rangi ya chai. Josephine alikuwa kidato cha nne, na mtihani wa kwanza ulikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, shuleni ng'ambo. Mashua nayo ilikuwa na ufa tumboni. Ijumaa Enos aliipindua pale ukingoni akabandika kiraka cha faiba. Muuzaji alikuwa amempa dawa ya kukazia gundi nusu chupa, kwa hiyo kiraka hakingeshika mpaka kipigwe na jua siku tatu. Haya yote niliyajua baadaye. Alichotuambia sisi ni "Mtu asiguse!" Kisha akaenda Garsen kutafuta petroli, na maji yakakata njia, akalala huko.

Jumapili jua likawaka sana. Nikitoka kanisani nilipita ukingoni, nikaikuta mashua juani, imepinduliwa, mbao zinaanza kuachana. Nikagusa kile kiraka kikaninata kidoleni. Nikajua jua linakiyeyusha. Kwetu chombo kisichotumika huzamishwa, kikalala majini, kisipasuke. Baba yangu angemchapa mtu aliyeacha mtumbwi juani hivyo. Nikamwita rafiki yangu Lavender na akina mama wenzake wa kwaya, tukaipindua tena, tukaisukuma mahali pa maji matulivu, tukaijaza magunia ya mchanga mpaka ikakaa chini kwenye tope. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Jumatatu alfajiri Enos akafika na mtungi wake wa petroli, viatu mkononi. Alipoona ukingo mtupu alipiga ukelele uliotutoa sote nyumbani. Tukatoa mchanga, tukafua maji kwa ndoo, tukaivuta juu. Akaingiza mkono chini ya tumbo la mashua, na kiraka kikatoka kizima kiganjani, kama utando wa uji uliopoa.

"Nani?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Nilisema mtu asiguse!"

"Umesema hivyo miaka minne! Hata kijiko! Ningejuaje kwamba safari hii ndiyo ya kweli?"

"Ungeuliza!"

"Niliuliza nikaambiwa nikapike!"

Basi tukafunguka. Alinitajia baba yangu na mitumbwi yake, nikamtajia shamba, fundi wa vitanda, panya. Alinirushia kile kiraka miguuni. Nilimwambia kwamba angempenda mtoto wake nusu ya anavyozipenda mbao hizi, angekuwa amempangia chumba ng'ambo, karibu na shule, tangu mvua ya kwanza. Yalikuwa maneno makali na sikuyajutia. Sijui tulisimama pale muda gani, matope magotini, tukipigiana kelele.

Lavender ndiye aliyetunyamazisha. "Nyinyi wawili," alisema, "mtoto yuko wapi?"

Josephine alikuwa katikati ya mto. Alikuwa kwenye mtumbwi wa Levi, peke yake, sare imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa mbele yake. Hakutuaga. Aliuelekeza mtumbwi juu kidogo dhidi ya mkondo, akaacha maji yaubebe, akapiga kafi upande wa kushoto, akabadilisha. Gogo likapita karibu naye, akaliacha lipite. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulimwona akifika, akiufunga mtumbwi kwenye kisiki, akishuka, akiosha miguu, akivaa sare na viatu, akiondoka kwa haraka ya mtu mwenye shughuli.

Enos alikuwa ameshika ubavu wa mashua. Sauti yake yote ilikuwa imeisha.

"Nani alimfundisha?" akaniuliza.

Nikafungua kinywa nimjibu kwa ukali, kama nilivyozoea. Lakini hata mimi sikujua.