Matanga ya Ukuta wa Tambieri

Ukimsikia mtu anadai aliwahi kutoka nyumbani kwa Eulalia Ayuo na kiu, huyo ni mwongo, mfukuze. Eulalia alikuwa mpika pito, ile pombe ya mtama, kijijini Tambieri, na kibuyu cha kwanza hakuwahi kukiuza. "Onja kwanza," alikuwa akisema, "usije ukasema nimekulazimisha." Basi mtu anaonja, anasahau ilikuwaje, anaonja tena, mwisho anaaga na kushukuru bila kununua kitu. Marehemu mumewe alilalamika mpaka akachoka. Alipofariki, waliokuja kumlilia walikunywa hivyo hivyo, bure, na wengine walirudi kumlilia mara ya pili.

Nyumba yake iliegemea ukuta wa kale. Ni ukuta mnene wa udongo, umepinda kama mgongo wa punda, na una kimlango kimoja ambacho huwezi kupita ila umeinama. Mababu waliujenga enzi zile za wapanda farasi waliokuja kukamata watu na kwenda kuwauza. Wakati wa kujenga, mto ulikuwa umeshikwa na farasi na maji hakuna. Kilichokuwepo ni mitungi ya pito ya matanga ya mzee mmoja, na aliyeipika ni bibi yake Eulalia. Bibi akasema mzee atatusamehe, mimineni. Wakaukanda udongo kwa pito na machicha yake. Mzee akazikwa koo kavu, lakini watu wakapona. Ndiyo maana Eulalia kila alipopika alikwenda kumwaga kibuyu kimoja pale ukutani, na akipita mlevi akakojoa karibu, alimtoa mbio na mwiko.

Sasa, serikali ikaja kukata wilaya mpya. Jamani! Vijiji vitatu vilitaka kuwa makao makuu, na vyote vitatu vilitaka jina. Ikabidi wilaya iitwe Tambieri-Gbaare-Sonyiri, jina refu mpaka bango la barabarani likaandikwa kwa mistari miwili, na watu wa Sonyiri hadi leo wamenuna kwa kuwekwa chini. Ukumbi wa halmashauri ukaamuliwa ujengwe katikati kabisa, pale ardhi za vijiji vitatu zinapokutana, ili asiwepo wa kulalamika. Wakapima kwa kamba. Katikati ikaangukia juu ya ukuta. Wausogeze ukumbi kushoto, wangekuwa wamewapa Gbaare. Wausogeze kulia, Sonyiri ingepiga ngoma wiki nzima.

"Ukuta ni udongo," alisema mkuu wa wilaya, Mheshimiwa Polikapi Saanuo, Mdagaaba mwenzao aliyesomeshwa na mapadri. "Ukumbi ni maendeleo."

Injinia aliyeletwa pamoja na tingatinga alitoka Bolgatanga, Mfrafra halisi, jina lake Akolbila. Wafrafra na Wadagaaba ni watani, na ni watani wa kweli, wa kutukanana kutoka asubuhi mpaka jua litue, nani mtumwa na nani mla mbwa. Alipotia mguu tu uani kwa Eulalia, wakaanza.

"Nani huyu ananuka supu ya mbwa?" Eulalia aliuliza.

"Ni bwana wako," Akolbila akajibu, akijivutia kigoda bila kukaribishwa. "Nimekuja kuwakagua watumwa wangu kama wamenenepa."

"Mtumwa ni wewe, na kichwa chako kama kata! Shika, unywe, usije ukafia hapa tukakosa pa kukutupa."

Akanywa, akasifia, akaongezewa. Kibuyu cha tatu kikamlegeza moyo. "Mama," akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Jumatatu nauangusha ule ukuta wako. Nimetumwa tu, mama yangu. Nisipouangusha mimi, wataleta mwingine."

Eulalia alikoroga chungu mpaka mwiko ukagonga chini. Kwa mkuu wa wilaya alishakwenda, akaambiwa asubiri, na alipochoka kusubiri akaambiwa arudi. Chifu naye alisema ni jambo zito, na akishasema hivyo ujue halifanyi. Alibaki nalo mwenyewe.

Jumatatu asubuhi akamfuata shemeji yake, Bayuo, mpiga marimba.

"Bayuo, toa marimba. Piga ya msiba."

"Yesu na Maria! Nani kafa?"

"Ukuta."

"Ukuta?"

"Bayuo, unakunywa pito yangu bure tangu kaka yako yuko hai. Nimewahi kukuuliza maswali?"

Bayuo akapiga. Marimba ya msiba ikilia pande zetu, mwenye jembe hulitua na mwenye chungu hukiepua, halafu ndipo watu huuliza aliyekufa ni nani. Wakamiminika kutoka vijiji vyote vitatu. Wakamkuta Eulalia amefunga kitambaa kichwani, amekaa chini mbele ya ukuta, analia kwa sauti: "Yee, baba yetu wa udongo! Ulikunywa pito ukasimama, wenzako wakinywa wanaanguka! Unatuachia nani leo?" Wengine walicheka. Wanawake watu wazima hawakucheka. Walikaa chini wakalia naye, maana kila mmoja alikuwa na bibi aliyepita kwenye kile kimlango.

Akolbila alikuwa amesimama kando ya tingatinga, kofia ya plastiki kichwani, haelewi acheke au aondoke.

"We mtumwa!" Eulalia akamkaripia katikati ya kilio. "Sisi tumefiwa, wewe unasimama tu kama nguzo? Kwenu Bolgatanga utani umekwisha?"

Jamani, mtani ni mtani. Msibani haji kulia, huja kufanya fujo: hulala kaburini, huvaa kofia ya marehemu, hushikilia maiti na kusema haizikwi mpaka ikombolewe. Na maiti iliyoshikwa na mtani haiguswi na yeyote mpaka wafiwa wenyewe watoe ukombozi. Akolbila amekulia humo. Miguu ikamtangulia akili. Alikimbia, akaurukia ukuta, akaukalia kama farasi na kupiga kelele, "Maiti ni yangu! Hazikwi mtu hapa! Nataka kichwa cha mbwa na mtungi wa pito!"

Watu wakashangilia. Dereva wa tingatinga akazima injini, akavua kofia. Ndipo akili ya Akolbila ikafika. Akamtazama Eulalia pale chini, yeye mwenyewe bado kaikumbatia maiti yake.

"Mama," akasema taratibu, "umenipata."

Mheshimiwa Polikapi alifika na gari na suti. "Injinia! Shuka hapo!"

"Siwezi, Mheshimiwa. Nimeshika maiti."

"Maiti gani?"

"Hii niliyoikalia."

Watu wa vijiji vitatu walikuwa wanamtazama, na yeye ni Mdagaaba. Mama yake mzazi yuko hai huko kwao, mzee sana, na siku akifa ni Wafrafra hawa hawa watakaokuja kulilalia kaburi lake. Uvunje utani leo, kesho utazika peke yako.

"Haya," akasema, anajifuta jasho. "Wafiwa toeni hicho kichwa cha mbwa, upesi, tuendelee na kazi. Mimi mwenyewe nitanunua."

"Wewe si mfiwa," wazee wakamwambia.

Hapo mambo yangeishia pazuri kama si Bayuo. Bayuo ni mtu wa heshima. Alimwona marehemu wa ukoo wake amekaliwa na Mfrafra mbele ya Gbaare na Sonyiri, damu ikamchemka. Akaacha marimba, akaenda nyumbani kwake, akarudi anamvuta mbwa wake kwa kamba, mbwa mwenyewe anatingisha mkia kwa furaha.

"Sisi si maskini!" akatangaza. "Injinia, shuka, pokea mbwa wako, tumzike mtu wetu!"

Eulalia akaacha kulia. Mbwa akipokewa, maiti imekombolewa, na maiti iliyokombolewa inazikwa siku hiyo hiyo. Kumwambia Bayuo kwa nini asitoe asingeweza, kwa sababu utani ukielezwa umekufa, na Mheshimiwa alikuwa amesimama pale pale, masikio wazi.

"Mbwa gani huyu?" Akolbila akajaribu kumsaidia kutoka juu. "Mbavu tupu! Simtaki!"

"Utamlisha wiki moja!" Mheshimiwa akasema. "Mpokee!"

Ndipo Eulalia akasimama. "Mrudishe mbwa, Bayuo."

"Shemeji?"

"Nimesema mrudishe. Mfiwa mkubwa ni mimi, na mimi sitoi. Sitoi mbwa, sitoi hata mkia wa panya. Huyu marehemu alikuwa udongo tu. Hana thamani ya mbwa."

Mwanamke mmoja wa Sonyiri akaguna, "Kumbe bahili!" na kicheko kikaanzia kwao kikafika Gbaare. Bayuo alimtazama shemeji yake kama vile kamtemea mate, akaondoka na mbwa wake. Iliuma. Eulalia, aliyewanywesha wote wale, kumtukana marehemu wake mwenyewe mbele za watu na kuitwa bahili! Alikaa chini akalia upya, na safari hii hakuwa anaigiza.

"Utakomboa lini basi?" Mheshimiwa akauliza kwa unyonge.

"Nikipata mbwa," Eulalia akasema.

Ukumbi ukajengwa kwa kuuzunguka ukuta, huku chumba cha mikutano, huku vyoo. Wajumbe wa wilaya, Mheshimiwa akiwa mbele, hupita kwenye kile kimlango wameinama kila wanapobanwa. Bayuo alimnunia Eulalia mpaka baada ya mavuno, kisha kiu ikamrudisha. Lakini nyimbo zilishatungwa. Matanga yoyote utakayokwenda sasa, marimba huimba habari za bahili wa Tambieri aliyemwacha baba yake bila kuzikwa kwa kumwonea uchungu mbwa. Wanaimba huku wanakunywa pito yake, bure. Naye huwaongezea.

Akolbila alipohamishwa alipita kuaga. Walitukanana vya kutosha, wakanywa, halafu akataka kuonyesha wema.

"Mama, ukumbi umeshajengwa, na nimekuonea huruma na hizo nyimbo. Nakusamehe. Nitatangaza nimepokea mbwa, uchukue maiti yako, jina lako lisafishike."

Kibuyu kilimwanguka Eulalia. Akamkamata injinia kwa kola ya shati kwa mikono yote miwili, mtu mzima yule.

"Usithubutu! Unanisikia? Usithubutu! Mimi siikomboi maiti hiyo, na nikifa wanangu hawataikomboa!"

Akolbila aliacha kucheka. Akaishika ile mikono, akaituliza kifuani pake.

"Basi, mama, basi," akasema. "Nitamwambia mwanangu asije akapokea mbwa."