Mpaka Rangi na Karatasi za Marehemu

Kila Jumamosi klabu ya kujitolea ikiwa kazini kupaka rangi kuta za kijiji, Zlatina humtazama mpaka rangi wao zaidi kuliko anavyoitazama brashi yake mwenyewe. Yule mzee hupiga mluzi usio na sauti na hufuta vidole kwenye suruali kila dakika. Tena matangazo ya misiba, karatasi zenye picha za marehemu ambazo huku huachwa ukutani kwa miaka, hayakwangui kamwe. Huyalowesha kwa maji ya moto, huyabandua taratibu kama anayemvua mtoto mchanga soksi, kisha huyalaza juu ya gazeti ili ayarudishe rangi ikikauka. “Kwangua tu, mzee, tutalala hapa!” mwenyekiti wa klabu alimpigia kelele leo kwenye kituo cha basi. “Mwenyekiti,” akajibu, “hawa wenzetu hawana haraka.”

Lakini Bibi Stoyna alishuka kwenye basi la saa nne, kama kila Jumamosi, kuja kumsalimu marehemu mwanawe, ambaye picha yake iko kwenye mojawapo ya karatasi hizo. Akakuta ukuta mtupu, rangi mbichi. Mkoba ukamponyoka. Mpaka rangi akafuta mikono, akaifuta tena, akaitafuta karatasi ya mwanawe kwenye gazeti, akaibana kifuani pake kwa viganja viwili na kusimama mbele ya ukuta, pale pale ilipokuwa imebandikwa. Bibi akasogea, akaibusu picha. “Umenenepa, mwanangu,” akamwambia. “Halafu unanuka rangi.” Zlatina alingoja mzee acheke. Hakucheka, alikuwa amezuia pumzi, karatasi isije ikatikisika.