Mwalimu wa Karate Anayewasaka Wanafunzi Wake wa Zamani

Jua la Jumamosi bado changa, na mwalimu wa karate anapigwa. Kichwani amevaa helmeti ya pikipiki, kifuani amejifunga sponji ya godoro kuukuu kwa kamba, na kwa kweli anaonekana kama mzigo uliofungwa na mtu mwenye haraka. Mbele yake amesimama fundi cherehani, mama wa watoto watatu, amekunja ngumi na anasita.

"Piga, mama! Usinionee huruma!"

Mama anapiga. Sponji inabonyea kidogo tu.

"Hiyo ni ya kubisha hodi," mwalimu anasema kutoka ndani ya helmeti. "Mimi nimekukaba, nakuvuta nyuma ya ukuta. Piga!"

Safari hii mama anapiga huku akipiga kelele. Mwalimu anapepesuka na wanafunzi waliojipanga ukutani wanaangua kicheko. Yeye hacheki. Anamwonyesha mlango, maana katika ukumbi huu somo haliishii kwenye ngumi. Linaisha mwanafunzi akiwa ametoka mbio hadi barabarani, akiomba msaada kwa sauti ya juu bila aibu.

Ukumbi wenyewe uko nyuma ya karakana ya seremala. Sakafu ni saruji tupu na vumbi la mbao hupenya chini ya mlango. Kwenye kona kuna boksi lililojaa vikombe vya ushindi, ambavyo mwalimu, mwanamume wa miaka hamsini na miwili mwenye vidole vilivyovimba vifundo, hataki kuviona vikipangwa popote.

"Vile ni vya mchezoni," anasema. "Hakuna mtu aliyewahi kuvamiwa refa akiwa amesimama pembeni."

Kwa zaidi ya miaka ishirini alifundisha karate ya mashindano. Katika mashindano hayo, ngumi ya usoni hurushwa kwa kasi yote, kisha husimamishwa upana wa kidole kutoka puani kwa mpinzani. Anayeweza kuisimamisha hapo ndiye fundi. Anayemuumiza mwenzake hutolewa.

"Waliogusa niliwapigisha pushapu mpaka mikono itetemeke," anakumbuka. "Nilikuwa mkali kwa hilo kuliko jambo lingine lolote."

Mwanafunzi wake bora alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyeanza mazoezi akiwa na miaka tisa. Alipopata mkanda mweusi, mjomba mtu aliringa mtaa mzima. Binti alikua, akawa muuguzi msaidizi, na hakuna nyumbani aliyemwogopea akichelewa kurudi. Watamwogopea nini, na mkanda anao?

Miaka miwili iliyopita, jioni akitoka kazini, mwanamume alimziba njia kando ya ukuta wa hospitali. Alianza kwa kuvuta mkoba, kisha akamkamata ukosi wa blauzi.

"Sikuogopa," anasimulia binti huyo, akizungumza polepole kwa sababu mdomo wake haufunguki wote. "Niliona uso wake uko wazi kabisa. Nikapeleka ngumi, safi, kama mazoezini. Ikafika, ikasimama."

Anasema mtu yule alishangaa. Aliutazama ule mkono ulioganda mbele ya pua yake, kisha akarusha wa kwake, na wa kwake haukusimama. Taya la binti lilivunjika mahali pawili. Sikio la kushoto halisikii hadi leo.

Mwalimu alikwenda wodini akiwa na hasira, na hasira zenyewe zilikuwa za kumlaumu mgonjwa. Alimuuliza kama alikuwa amesahau kila kitu. Binti, meno yakiwa yamefungwa kwa waya, hakuweza kujibu. Aliinua ngumi kutoka kitandani, akaipeleka kwenye uso wa mjomba wake, na kuisimamisha upana wa kidole kutoka puani.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," mwalimu anasema. "Hakusahau hata chembe. Alifanya nilichomfundisha."

Alifunga ukumbi kwa miezi mitano. Alipoufungua tena, hakufundisha mashindano bali kujiokoa; medali zikakoma na wazazi wakawahamisha watoto wao. Wanafunzi sitini wakabaki kumi na mmoja. Ada zao hazifikii kodi ya ukumbi, kwa hiyo siku za kazi yeye ni fundi bomba, anazibua masinki ya watu.

"Mke wangu anasema nimeuoa ukumbi uwe mke mwenza wake," anasema. "Lakini mwezi uliopita kodi ya mke mwenza alilipa yeye."

Mpwa wake hajarusha ngumi nyingine tangu siku ile ya wodini. Huja kila Jumamosi, husimama mlangoni na kuwapigia kelele wanafunzi wakimbie.

Wanaomkosesha mwalimu usingizi, hata hivyo, ni wale aliowafundisha zamani.

"Wako huko nje wanatembea kifua mbele," anasema. "Wanapita vichochoroni kwa sababu mimi niliwaambia wanaweza. Hawawezi. Niliwadanganya bila kujua, sasa najua, nitanyamazaje?"

Basi kila Jumapili mjomba na mpwa wake hutoka kuwatafuta, nyumba kwa nyumba. Wapo wanaowakaribisha na kuwasikiliza. Wapo wanaosema mzee amechoka akili. Mmoja, mwalimu wa shule, alifoka akiwa bado ameshika geti: "Unataka kuniambia miaka yangu kumi ilikuwa maigizo?" Kisha akalifunga.

Jumapili moja mwandishi wa makala haya aliandamana nao hadi duka la vifaa vya ujenzi, ambako mwanafunzi mwingine wa zamani ni mlinzi. Kijana huyo alimwona mwalimu wake, akaacha kiti na kuja mbio, uso umejaa furaha.

"Shikamoo Sensei! Siamini macho yangu!"

Kabla hajaulizwa lolote alirudi hatua nyuma, akainama kwa heshima na kurusha ngumi. Ilikuja kwa kasi ya kutisha. Ikasimama mbele ya pua ya mwalimu, haitikisiki.

"Unaona? Sijasahau!"

Alisubiri sifa. Mwalimu alijigonga kifua.

"Nipige hapa kifuani, mwanangu. Kwa nguvu."

"Nikupige wewe? Sensei, hiyo laana, sitaki!" Kijana alicheka, akimgeukia binti ili wacheke wote.

Binti alishusha mtandio aliokuwa ameuzungushia kidevuni.

"Kaka," alimwambia, "yangu nayo ilisimama hapo hapo."

Mlinzi alilitazama taya lile lililokaa upande, akaacha kucheka. Alisikiliza habari yote ameinamisha kichwa. Walipoagana aliahidi, kwa kiapo, kwamba Jumamosi atafika ukumbini.

Hakufika. Alipopigiwa simu alisema zamu zimembana. Jumamosi ya pili, ambayo ndiyo hii ya leo, simu yake haipatikani.

Wanafunzi wameshaondoka. Mwalimu anavua helmeti, jasho linamchuruzika, na mpwa wake anamsaidia kufungua kamba mgongoni. Kesho, anasema, watarudi dukani.

"Akitukimbia tutarudi Jumapili nyingine. Yule kijana anasimama mlangoni pale kila siku na ngumi niliyompa mimi. Haifanyi kazi, na bado anaiamini."