Wagonjwa Niliowatia Kwenye Kompyuta

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwangu, kutoka kitandani hadi jikoni ni safari, na nikifika kwenye geti huona nimetembea vya kutosha, narudi kupumzika. Masomo yangu yaliishia kwenye diplome ya sekondari, ambayo marehemu mama aliitundika ukutani, na tangu siku hiyo ubongo wangu uko likizoni. Sikutegemea hata kidogo kwamba ningekuja kufundisha famasia.

Binti wa kaka yangu, anayeniita tantine, yaani shangazi, anakaa kwangu hapa Uvira, anasoma famasia kwenye chuo cha mjini. Mwaka jana alinakili programu ya mazoezi kutoka kwa mwenzake akaitia kwenye kompyuta yake. Ukiifungua, anatokea mgonjwa wa kuchorwa, anaeleza shida yake. Mwanafunzi anachagua maswali ya kumuuliza, halafu anachagua dawa, na programu inampa alama. Binti alikuwa akipata alama zote. Nilizoea kumsikia akijipigia makofi.

Ukafika mtihani wa pratike, yaani wa vitendo. Pale kompyuta hakuna. Kuna meza, ndiyo kaunta, na mwalimu anajifanya mteja. Mwalimu akamwambia, "Nipatie ile ya rangi mbili." Binti akangoja aendelee. Mwalimu naye akangoja. Wakaangaliana hivyo hadi muda ukaisha.

Akaanguka, akapangiwa sesheni ya pili, yaani kurudia mtihani. Baba yake, ambaye analima mpunga Luberizi, akapiga simu kutoa pole, na pole yenyewe ilikuwa hivi: "Ukianguka tena, kuya huku tulime. Mupunga hauulizake muntu kitu."

Binti hakula siku ile. Nikaketi karibu naye nikamwambia anionyeshe hao wagonjwa wake. Akatokea mzee mwenye tai na meno meupe, akasema kwa Kifaransa safi kwamba ana homa tangu juzi, hana ugonjwa mwingine, na hakuna dawa inayomdhuru.

"Huyu anakaa wapi?" nikauliza.

"Ndani ya mashini, tantine."

"Basi abaki humo. Uvira hatuna muntu wa hivi."

Uvira mtu haendi farmasi kueleza ugonjwa. Anatuma shemeji. Shemeji anafika jina la dawa limeshamtoka, amebaki na rangi. Ukimuuliza mgonjwa ana umri gani, anasema ni mkubwa kidogo. Ukimuuliza anaumwa nini, anakasirika, kwani alitumwa dawa, hakutumwa kutoa habari za watu.

Programu ilikuwa na sehemu ya kuongeza wagonjwa wako mwenyewe, kwa sauti. Binti akanisogezea kompyuta. "Weye ongea tu vile unaongeaka," akasema. Ni mara ya kwanza kwenye ukoo wetu mtu kuniomba niongee.

Nikawa shemeji aliyetumwa. Nikawa mama wa sokoni mwenye haraka, nikawa baba anayetaka vidonge viwili tu vya antibiotiki ili aone kwanza kama vinamfaa. Wenzake wawili wa darasa wakaja kwenye ua wetu kurudia masomo, na alama zao zikashuka vibaya. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mwenye roho nzuri.

Kesi niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mteja anayetaka tetra, yaani antibiotiki ya tetrasaiklini. Umri wa mgonjwa? Miezi mitano. Anakula? Tangu jana anakataa. Anaharisha? Sana, nyeupe. Wote watatu wakaandika maji ya sukari na chumvi, wakamtuma mtoto kituo cha afya. Sifuri. Hakuna aliyebonyeza swali la kwanza kabisa: dawa ni ya nani? Wangebonyeza wangenisikia nikijibu, "Ni ya jogoo wangu."

"Tantine, hiyo ni kutuonea," binti akasema. "Nani anapelekaka mambo ya kuku farmasi?"

Jogoo wangu mwenyewe alikuwa anapita pale uani, mzima wa afya, kwa tetra.

Siku ya mtihani nilibaki nyumbani, kama kawaida, nikashikwa na wasiwasi. Aliporudi alinisimulia. Mezani walikuwa wawili, mwalimu yule yule na mzee mmoja mwenye farmasi yake mjini. Mwalimu akasema, "Nipatie tetra."

"Ni ya nani, papa?" binti akauliza kwa adabu.

"Ni ya nyumbani."

"Mugonjwa iko na umri gani?"

"Miezi sita."

Hapo ulimi ukamtangulia. "Samahani, papa. Ni muntu ao ni kuku?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Unaniona minye ni mufugaji?"

Binti anasema aliona shamba lote la Luberizi mbele yake, na jembe limeegemea ukuta. Lakini yule mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. "Jibu, mwalimu," akasema. "Kwenye duka yangu naulizaka hivyo kila siku ya Mungu."

"Ni mutoto," mwalimu akasema polepole.

"Basi tetra sitakupa, papa. Inaharibu meno na mifupa ya mutoto. Mupeleke kituo cha afya wamuone."

Matokeo yalipobandikwa, alikuwa amepita, na pratike ndiyo iliyombeba. Nikampigia kaka yangu mwenyewe. Akataka kujua aliulizwa nini. Nikamweleza yote, sikuacha hata unyoya.

"Huku nitawaambia watu walimuuliza mambo ya molekuli," akasema.

"Waambie."

"Na yeye mwambie akuye kesho. Si ya kulima. Mabata yangu mawili hayakuli tangu juzi."