Alama Chini ya Manyoya

Kuna siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, siku ambayo baba yangu alipaka mshale rangi kwa mara ya mwisho. Ilikuwa hapa hapa Kola, miaka ya tisini, nami nilikuwa msichana mkubwa wa kuolewa. Umeniomba nikufundishe kupaka mishale ya kuuza. Nitakufundisha, lakini kaa kwanza.

Kazi yenyewe haina miujiza. Uti wa mshale unapigwa msasa mpaka ukipitisha kidole hakikwami, unapanguswa vumbi, kisha unalazwa juu ya misumari miwili. Brashi haitembei. Unaishikilia pale pale, na vidole vya mkono mwingine vinauzungusha uti mpaka pete ifunge. Halafu unangoja ikauke kabla ya kuweka rangi nyingine. Hapo pa kungoja ndipo wengi hushindwa, na wewe nakujua, hata chai huwezi kuingoja ipoe.

Baba, Mzee Kioko, alikuwa na alama yake: pete nyekundu, pete pana nyeupe, na nyeusi mbili nyembamba, chini tu ya manyoya. Usidhani ilikuwa urembo. Kwetu Ukambani mwenye upinde alijulikana kwa alama yake. Mnyama akianguka porini, alama ilisema ni wa nani. Na mshale ukipatikana kwenye mbuzi wa jirani, alama ilisema ni nani atakayelipa.

Binamu yangu Mutiso tulikuwa tukiishi naye. Baba alimlea tangu baba yake Mutiso, ndugu ya baba, alipofariki, naye Mutiso alimwita baba Asa, yaani baba, kama sisi tulivyomwita. Baba alitengeneza mishale ya kulindia mahindi dhidi ya nguruwe mwitu. Mutiso alitengeneza ya kuuza kwenye maduka ya vinyago mjini Machakos. Baba alimruhusu kupaka rangi yoyote aipendayo, isipokuwa ile alama.

Mwanzoni Mutiso alichora maua na mistari ya kupindapinda. Mishale hiyo haikununuliwa. Siku moja nikamkuta anazungusha pete nyekundu, nyeupe na nyeusi. Nilikuwa namsaidia kupiga msasa, nikamwambia aache.

“Hiyo ni urembo tu,” akanijibu. “Mtu wa Nairobi atajuaje ni ya Asa?”

Ikanunuliwa sana. Akawa anafanya kwa haraka, rangi haijakauka anaweka nyingine, na nyeusi ikawa inavuja kuingia kwenye nyeupe. Baba hakuwa na habari.

Kisha asubuhi moja fahali wa jirani yetu, Mzee Mwanzia, akakutwa amekufa kando ya kijito, mshale ubavuni. Mwanzia na baba walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Unaweza kukisia kijiji kilisema nini. Wazee walikuja kwetu, wakaketi kwenye benchi, mmoja akampa baba ule mshale.

Baba aliuzungusha polepole. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kibuyu cha uji, nikaona alichokiona: nyeusi imevuja ndani ya nyeupe. Nikafungua mdomo. Baba akaniangalia, nikaufunga.

“Mzee Kioko, hii alama ni ya nani?”

“Ni yangu.”

“Ni wewe ulipiga huyu ng'ombe?”

“Si mimi. Lakini alama ni yangu. Nitalipa.”

Mutiso alikuwa pale, ameinamisha kichwa. Aliyefyatua mshale ule hajajulikana mpaka leo. Huenda aliununua dukani kama wengine.

Baba alimpa Mwanzia dume letu jekundu la kulimia. Msimu ule mimi na mama tulilima kwa jembe, na nilimchukia Mutiso kila nilipoinama. Baba pia nilimkasirikia. Neno moja tu lingemwokoa, na alikataa kulisema.

Jioni ile ile dume lilipoondoka, baba alimwita Mutiso kwenye meza ya kazi. Akaweka uti usiopakwa rangi juu ya misumari. Akapaka nyekundu, akangoja. Akapaka nyeupe, akangoja. Hakuna aliyethubutu kuondoka. Zilipokauka nyeusi zote mbili, akamkabidhi.

“Kuanzia leo alama hii ni yako,” akasema. “Ya jana nimelipa mimi. Ya kesho utalipa wewe.”

Mutiso alilia, mwanangu. Kesho yake alishuka mjini kuikusanya mishale yake madukani. Mingine aliipata, mingine ilikuwa imekwenda asikokujua. Miaka mingi baadaye, habari ikija kwamba mbuzi amechomwa mshale huko Ekalakala au Kithyoko, alikuwa anasukuma sahani kando na kuuliza, kabla ya lolote, ulikuwa na rangi gani. Hakuna aliyekuja kumdai. Lakini aliendelea kuuliza.

Na baba? Tangu siku ile mishale yake haikuwa na rangi. Ilikuwa mti mtupu na manyoya. Tulipomzika, Mutiso ndiye aliyeileta kutoka darini, akaiweka mezani mbele yetu, na hakuna aliyeweza kusema ni ya nani kwa kuiangalia. Hapo ndipo nilipoelewa baba alikuwa ametoa nini. Dume tulikuja kupata lingine.

Basi chukua brashi. Chora maua, chora mistari, buni pete zako mwenyewe hata kama hazitanunuliwa mwaka huu. Usiazime alama ya mtu kwa sababu inapendeza, maana hujui kitu chako kitaokotwa wapi, wala ni nani atakayeitwa kwenye benchi kujibu. Na ukishakuwa na yako, siku utakapoulizwa ni ya nani, sema ni yangu, hata kama kuna mlango wa kutorokea.

Mungu akupe mkono usio na pupa. Akupe watoto watakaofurahi kuachiwa alama yako, na popote itakapoonekana, watu waseme huyo twamjua, ni mtu wa kwetu.

Sasa sogea. Zungusha uti, sio brashi.