Lita Moja Mpaka Ggaba na Kurudi

Nilipaswa kukataa kuandika gari la shemeji yangu kwenye karatasi ile. Hakuna aliyenielekezea bunduki. Mkuu wangu wa kazi aliweka karatasi tupu mezani pangu, akasema mkubwa mmoja wa jeshi anataka orodha ya magari madogo yanayokunywa mafuta kidogo hapa Kampala, pamoja na namba zake na majina ya wenyewe. Ningeandika magari ya ofisi peke yake na mambo yangeishia hapo. Mimi nikaanza na lake, juu kabisa, kisha nikalipigia mstari.

Shemeji alikuwa mume wa dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Sisi ni Waswahili wa Kampala, watu wa dini na maduka. Yeye alikuwa Mnubi mwenye ndugu zake Arua, mbali kaskazini karibu na Sudani. Alikuwa na kigari cha dizeli, kikuukuu, ambacho kila asubuhi kilibeba samaki kutoka Ggaba, kando ya ziwa, hadi soko la Owino, kwenye meza ya dada. Kilinguruma kama mashine ya kusaga unga. Mimi nilikuwa na kigari cha petroli, cheupe, kimya, na nilikuwa karani wa magari katika ofisi ya serikali. Nilikuwa nimemaliza sekondari, basi nilikiamini kitabu kilichokuja na gari langu, kilichosema kwamba linakwenda mbali kwa lita moja.

"Kitabu chako kiliandikwa wapi, shemeji?" aliniuliza siku moja.

"Ulaya."

"Kule wana mlima wa Kabalagala?"

"Sijui."

"Basi mwulize mwandishi aje aupande na gunia la matoke."

Dada alicheka mpaka akashika kifua. Moyo wake haukuwa mzima, na daktari alikwisha kumkataza kutembea mwendo mrefu.

Tulipima wenyewe, lita moja mpaka Ggaba na kurudi. Petroli ilikuwa rahisi: tulichomoa bomba la tangi, tukaingiza mrija kwenye mkebe wa lita moja, nikaendesha. Nilifika Ggaba, nikageuza, na nilipofika Kansanga wakati wa kurudi gari likakohoa, likazima mbele ya duka la sukari lisilo na sukari. Wenye duka walitoka kunisukuma, na nilipowaeleza habari ya kipimo wakauliza kama kitabu kilikuwa kimesahau kutaja Kansanga.

Dizeli yake shemeji hakukubali iishe njiani, kwa kuwa ikikauka hewa huingia kwenye mabomba na kuitoa ni kazi ya nusu siku. Alijaza tangi mpaka shingoni, akaenda, akarudi, akajaza tena kutoka mkebe uleule. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Alirudi kusimama palepale, magurudumu juu ya alama alizochora kwa chaki, kwa sababu mji huu hauna ardhi iliyonyooka na tangi likiinama kidogo tu kipimo kinakuwa uongo. Kisha alimimina polepole, akaweka chini mkebe, akatikisa gari, akangoja.

"Unangoja nini?"

"Povu. Dizeli ina povu. Mwenye haraka huona povu akadhani limejaa."

Lilipotulia akamimina tena. Alikuwa ameenda Ggaba na kurudi, na ndani ya mkebe bado kulikuwa na mafuta kidogo.

Nilipanda naye mara nyingi baada ya siku ile ili nijifunze. Mguu wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu anayekanyaga mkeka wa wenyewe. Aliwaona ng'ombe wakivuka wakiwa bado mbali, akaachia mafuta, na tulipowafikia walikuwa wamekwisha kupita; breki hakuigusa. Kwenye foleni ya mafuta, ambayo wakati ule iliweza kuchukua siku mbili, wengine waliwasha injini kwa kila hatua. Yeye alishuka, akasukuma kwa bega, huku akiwasimulia watu hadithi mpaka wakamsaidia bila kuombwa. Sijamwona dereva mwingine kama yeye.

Lakini hakuwa anapima kwa mchezo. Aliniambia sababu mara moja tu, tukiwa wawili garini.

"Huyu anayetawala ataanguka. Akianguka, watu watatutafuta sisi Wanubi, kwa kuwa tunahesabiwa watu wake, aliyekula naye na asiyekula. Siku hiyo hakuna atakayeuza mafuta njiani. Nataka nijue tangi moja linamfikisha dada yako Arua."

"Linamfikisha?"

"Linamfikisha, na linabaki." Akanitazama. "Haya ya mkebe yaishie kwetu, shemeji."

Niliitikia. Lakini ofisini kulikuwa na fundi mmoja aliyenicheka kila niliposema kwamba kipimo cha kitabu si kipimo cha Kampala. Karatasi ile ilipokuja niliona nafasi ya kumfunga mdomo. Nilisahau ahadi kwa sababu nilikuwa najivuna, tena kwa ustadi usio wangu.

Yule mkubwa wa jeshi alikuja mwenyewe, akaniuliza kwa Kiswahili cha kambini.

"Karani, hii dizeli nakunywa kidogo hivi, kweli?"

"Kweli, Afande. Nimepima."

"Ya nani?"

"Ya shemeji yangu, Afande."

Katika sauti yangu nilisikia furaha. Naikumbuka bado.

Askari walilichukua gari lake kwenye barabara ya Ggaba, samaki wakiwa ndani. Walioona walisema shemeji alitoa ufunguo bila ubishi, kisha akamwelekeza askari angoje waya wa injini upate moto kabla ya kuwasha, asije akaua injini. Jioni ile nilikwenda kwao nikakiri. Shemeji alivuta birika la chai karibu.

"Uliandika kwa mwandiko mzuri?"

"Ndiyo."

"Bora," akasema, akanimiminia chai. Dada hakuniangalia.

Hakupata gari jingine la dizeli. Samaki walisafiri kwa baiskeli, yeye akisukuma milima yote ile, naye hakuwa kijana.

Vita vya kumwangusha yule mtawala vilipokaribia Kampala, Wanubi walianza kuondoka. Waliokuwa na gari lenye mafuta waliondoka kwanza. Langu lilikuwa uani, tangi kavu. Petroli haikupatikana kwa bei wala kwa machozi. Shemeji na dada walipata lori mpaka Bombo, wakashushwa, wakaendelea kwa miguu. Shemeji aliniletea habari mwenyewe baada ya miaka mitatu, alipovuka kurudi kutoka Sudani. Dada alitembea siku nne. Siku ya tano alikaa kando ya barabara, kabla ya kufika daraja la Karuma, akaomba maji, na hakuinuka. Shemeji alimzika hapohapo pamoja na watu asiowajua.

Gari lile lingemfikisha Arua kwa siku moja, bila kuongeza mafuta. Mimi nililitoa ili nimshinde fundi wa ofisini, na kwa hilo nilimpoteza dada yangu.