Mbeba Damu wa Njia ya Changarawe

Siku fundi alipomwona kwa mara ya kwanza, mwanamke yule alikuwa anaanguka. Baiskeli ilikwenda huku, yeye akaenda kule, na badala ya kunyoosha mikono ajikinge kama watu wote, alilikumbatia sanduku jeupe kifuani, akatua kwa nyonga, pu! juu ya changarawe. Akaketi palepale, akafungua kifuniko, akachungulia.

"Wazima wote," akasema. Ndipo akaanza kujipapasa mwenyewe.

Fundi akadhani ni vifaranga. Kumbe vilikuwa vichupa vya damu.

Alitaka kumwambia "pole, dada," lakini akaishia kuinama kuitazama baiskeli. Fundi alikuwa mtu wa haya kupita kiasi. Hata dukani mama yake ndiye aliyemsemea. Basi akafanya lile aliloliweza. Akachukua pampu, akainyanyua baiskeli, akajaza upepo magurudumu yote mawili bila kuombwa. Kwake yeye, hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Kibanda chake cha kuziba pancha kilikuwa mwanzoni mwa njia ile. Zamani ilikuwa njia ya reli ya kubebea chumvi. Vyuma viling'olewa, likabaki tuta la changarawe lililonyooka nyuma ya vilima vya mchanga, bahari unaisikia lakini huioni. Kila mwisho palisimikwa nguzo za chuma, hivyo magari hayapiti, ni miguu, baiskeli na mbuzi tu. Kilomita kumi na tisa: zahanati upande huu, hospitali yenye maabara upande ule.

Habari za mwanamke yule alizipata kidogo kidogo, maana kila asubuhi alisimama kujaziwa upepo na mdomo wake haukujua likizo. Miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga deki zahanati. Pikipiki ya zahanati ilipokufa, daktari akauliza nani atapeleka damu za wagonjwa maabara kwa baiskeli. Mlinzi akakohoa. Mgawa dawa akakohoa zaidi. Mpiga deki akasema, "Mimi," ilhali tangu azaliwe hajawahi kukalia baiskeli. Alijifunza kwa siku tisa, uani, wifi yake akishika kerieri kwa nyuma.

"Mtu mzima na mvi zako!" wifi alimcheka. "Ukivunjika mguu sikubebi, nakwambia mapema."

"Usinibebe. Wewe shika hiyo kerieri na domo ufunge."

Watoto wa njiani wakambatiza Mama Damu, naye akaitika.

"Fundi, leo umemeza ulimi?" alimuuliza kila siku.

"Hapana."

"Aa, kumbe upo!"

Fundi alicheka kwa ndani, akaendelea kupampu. Sifa yake ilikuwa moja tu mjini pale, tairi gumu. Ukiligonga kwa ukucha linalia kama dumu tupu. Aliyemfundisha kazi alimwambia tairi laini ni aibu ya fundi, naye akalishika hilo miaka ishirini na mitano. Na tairi la Mama Damu alilijaza kuliko yote.

Wiki ya tatu mwanamke akaja hana utani.

"Damu zimekataliwa tena, fundi. Sita kati ya nane. Kuna mashine inazizungusha, maji ya juu yanatakiwa yawe ya njano. Yangu yanatoka mekundu. Wanasema nimezitikisa. Mimi! Nazibeba kama mtoto wa siku moja."

Fundi akatikisa kichwa.

"Jana mama mmoja mjamzito kachomwa sindano mara ya tatu kwa kipimo kilekile. Aliniangalia tu." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Daktari kanipa mpaka Ijumaa. Zikikataliwa tena, damu zitasubiri gari la hospitali, na gari linakuja mara moja kwa wiki. Mimi narudi kwenye ndoo. Ndoo siiogopi. Lakini huyo mama atajua lini anaumwa nini?"

Tayari alikuwa amezifunga chupa kwa pamba, akazifunga kwa khanga, akajaribu hata kutembea kwa miguu akisukuma baiskeli. Akafika maabara wamekwisha kufunga.

"Nijazie vizuri basi," akasema, "isije ikawa ni hii baiskeli."

Fundi akajaza mpaka bega likamuuma.

Jumatano alisahau fomu zake juu ya benchi. Fundi alipoziona, mwenyewe alikuwa ameshafika mbali. Akadandia baiskeli yake kuukuu, akamkimbiza. Mganga hajigangi, tairi za fundi zilikuwa nene, kuukuu, na zimenywea kiasi cha kutia huruma. Kila siku alisema atazijaza, kila siku akasahau.

Alimkaribia kwenye kilomita ya nne, na pale akaona kitu. Sanduku jeupe lilikuwa linacheza kwenye kerieri. Si kidogo. Lilikuwa linatetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, na mashavu ya mwenyewe yakitetemeka pamoja nalo. Fundi akajitazama. Changarawe ni ileile, mwendo ni uleule, naye alikuwa anateleza kama aliyepanda godoro.

Akaacha kukanyaga pedeli. Ilimchukua muda mfupi kuelewa, na alipoelewa alitamani asingeelewa.

Alimfikia, akampa fomu.

"Ahsante, kaka yangu! Mungu akuzidishie."

Fundi akageuza baiskeli haraka. Akarudi kibandani, na siku nzima hakuziba pancha hata moja vizuri. Mtu mmoja alirudishiwa baiskeli yake na gurudumu la nyuma limefungwa mbele.

Alhamisi asubuhi mwanamke aliposimama, fundi hakushika pampu. Alichutama, akabonyeza valvu. Pssssss!

"We! We, fundi! Unafanya nini? Umelogwa?"

"Dada, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Damu. Ninayeziharibu ni mimi." Jasho lilimtoka kana kwamba anasukuma lori. "Tairi likiwa gumu, kila jiwe linapiga moja kwa moja mpaka kwenye chupa. Laini linameza jiwe. Mimi nilikuwa najaza sana. Nilikuwa... nilidhani nakusaidia."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema mwezi mzima. Mwanamke alimtazama, akalitazama tairi.

"Wiki tatu," akasema polepole. "Wiki tatu naitwa mzembe mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Na hili umelijua lini?"

Angeweza kusema sasa hivi. "Jana," akasema. "Niliogopa."

Mwanamke akachutama, akalibonyeza tairi lililonywea. Kisha akavuta pumzi. "Hata mimi nilikuambia uongeze. Haya. Nikienda na tairi laini, si pancha itanimaliza?"

"Hizi zako nyembamba, ndiyo. Zangu ni nene. Ringi zetu ni saizi moja. Chukua zangu."

"Na wewe?"

"Nitafuata nyuma na pampu na viraka. Leo na kesho."

Alhamisi chupa mbili zilikataliwa kati ya nane. Fundi alipunguza upepo tena kidogo, akipima kwa dole gumba kama mtu anayebonyeza parachichi. Ijumaa wakaondoka pamoja, mwanamke mbele akielea, fundi nyuma juu ya zile tairi nyembamba za mwanamke, ngumu kama alizokuwa akijivunia, meno yakigongana kila hatua.

"Zinaendaje, fundi?" mwanamke alipiga kelele bila kugeuka.

"Zi-zi-zi-nauma!"

Alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Walipofika maabara walisimama dirishani. Mpimaji alizizungusha chupa, akazitoa moja moja, akaziinua kwenye mwanga. Njano. Njano. Fundi aligundua ameushika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Ya nane ilipotoka njano, mpimaji aliandika bila hata kuinua macho, "Zimepokelewa," na mwanamke akageuka ukutani akalia kama mtoto.

Siku hiyohiyo fundi alikwenda zahanati mwenyewe, akamwambia daktari kosa lilikuwa la nani. Mama yake hakuamini kwamba mwanawe kajisemea mwenyewe, mpaka mlinzi aliposhuhudia.

Mama Damu alibeba miaka miwili bila chupa kukataliwa ila moja, na hiyo ilivunjwa na mbuzi. Mwishowe hospitali iliamua kupeleka baiskeli kwenye zahanati nyingine nne za vijia vya nyuma ya vilima, akahitajika mtu wa kuwafundisha wabebaji, akateuliwa yeye, akahamia upande ule wa njia. Asubuhi ya kuondoka, kerieri imefungwa sufuria na godoro, alisimama kibandani. Fundi alipima tairi kwa dole gumba, akaitikia kwa kichwa.

Mwanamke akapanda, akaenda hatua kumi, akageuza shingo.

"Jumapili nakusubiri! Nyumba ya bluu nyuma ya tangi la maji. Na ukifika usisimame nje kama mkusanya kodi, sukuma mlango uingie!"